Kiwanja cha bei chee kando ya mto: uliza kwanza kilikuwa nini

Nimepata ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Iringa. Ana watoto wawili, na wa pili ndiyo kwanza anatambaa. Yeye na mumewe wamepata kiwanja upande wa Ipogoro, bondeni, si mbali na Ruaha Mdogo, kwa karibu nusu ya bei ya viwanja vya jirani. Kwa miaka mingi pale palikuwa na gereji ya malori na fundi betri. Mwenye eneo amezeeka, watoto wake hawaitaki kazi ya oili, wanauza. Baba watoto amefurahi kwa sababu barabara kuu iko karibu. Mama anataka kulima mchicha na kufuga kuku wachache. Swali lake lilikuwa fupi: "Udongo ni mweusi na unanuka oili. Dalali anasema tukimwaga kifusi juu inatosha. Ni kweli?"

Si kweli. Kifusi kinaficha rangi na harufu, basi.

Nimeamua kumjibu hapa badala ya faragha kwa sababu swali lake ni la wengi wetu. Iringa na Mbeya tumefika mahali ambapo ardhi iliyobaki wazi karibu na mjini ni ile iliyoachiwa kazi chafu: magereji, yadi za vyuma chakavu, majengo ya viwanda vilivyofungwa mashirika ya umma yalipovunjwa, na kingo za mito zilizogeuzwa majalala. Wenyeji wa Mbeya mnaweza kujihesabia wenyewe, kuanzia Iyunga hadi kwenye vijito vinavyopita katikati ya mitaa yetu. Sisemi kila kipande cha namna hiyo kina sumu. Nasema hakuna ajuaye mpaka apime, na mtoto anayetambaa hawezi kusubiri ubahatishe.

Tuanze na huyo fundi betri. Ndani ya betri ya gari kuna tindikali na kuna risasi. Naam, jina ni lile lile la risasi ya bunduki, na kwa sababu nzuri: zote ni metali moja, laini, nzito, ya kijivu. Fundi akivunja betri, tindikali humwagwa chini na unga wa risasi hubaki. Ongeza oili chafu yenye chembechembe za metali zilizosagika kwenye injini. Ongeza petroli: mpaka kufikia mwaka 2006, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoachana nayo, petroli yetu ilikuwa inatiwa risasi. Gereji iliyofanya kazi miaka ya 1980 na 1990 ilimwagikiwa na vyote hivyo.

Oili, ikipewa miaka, huliwa taratibu na vijidudu vya udongo. Risasi haina wa kuila. Ni metali, haiozi wala haiungui. Hata mvua zetu za Nyanda za Juu haziipeleki mbali, kwa maana hung'ang'ania udongo wa juu kabisa, ule ule ambao mtoto anautambalia, anauchezea na kuutia mdomoni.

Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, kutoka kiasi kile kile kilichoingia mwilini. Linasema pia kwamba hakuna kiwango chochote cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Ubaya wake ni ukimya. Mara nyingi mtoto hatapiki wala hapati homa. Anakua akiwa mzito wa kushika masomo, hatulii, damu yake ni pungufu. Nyumbani anaitwa mtundu, shuleni anaitwa mjinga, na huenda anachapwa kwa jambo lililoingia mwilini mwake kabla hajajua kutamka jina lake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika habari hii yote.

Na wajawazito wasidhani hayawahusu. Risasi hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto tumboni. Mwili wenye upungufu wa madini chuma hufyonza risasi zaidi. Kwa hiyo mama anayetamani udongo, iwe ule wa kununua sokoni au wa ukuta wa nyumba, asione haya kumwambia nesi kliniki. Vile vidonge vya kuongeza damu tunavyopewa na kuvificha chini ya godoro vina kazi.

Mombasa kuna mtaa unaitwa Owino Uhuru. Mwaka 2007 kilianza kazi pale kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, kimepakana kabisa na nyumba za watu. Mmoja wa waajiriwa wake, Phyllis Omido, alikuwa ananyonyesha. Mwanawe akaugua, akahangaika naye hospitali, mwishowe vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu ya mtoto. Mama huyo aliacha kazi, akaanza kugonga milango ya maofisa, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya na eneo lisafishwe, na mabishano yakaendelea kupanda kwenye mahakama za juu. Fikiria hesabu hiyo: kiwanda kilifanya kazi miaka michache tu.

Sasa twende Dar es Salaam, maana huko swali la mama wa Ipogoro linajibiwa kwa ukubwa wa bonde zima.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, unaingia baharini pale daraja la Salender. Kwa miongo mingi umepokea kila kitu: maji ya rangi kutoka viwanda vya nguo, damu ya machinjio, maji ya vyoo, taka za majumbani, oili za magereji. Na humo humo watu walilima mboga. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bahemuka na Mubofu, walichapisha matokeo ya kupima mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, ukiwemo mchicha. Walikuta risasi na kadimiamu, wakaonya juu ya kulima mboga kwa maji yanayotoka viwandani na majumbani. Mboga hizo zilikuwa za kijani na nzuri, kama mchicha mwingine wowote. Jicho la mama sokoni halina namna ya kuzitenga.

Mafuriko ndiyo yaliyolazimisha mji ulitazame bonde hilo upya. Desemba 2011 maji yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, Hispania na Uholanzi nazo zikaongeza zao. Mpango ni kuuchimba mto upate njia pana, kujenga daraja jipya Jangwani, kuligeuza bonde la chini kuwa bustani kubwa ya jiji, na kuinua kingo zake kwa udongo ili pajengwe mtaa wenye nyumba, maduka na ofisi kwa pamoja. Familia nyingi zimelipwa fidia na kuondoka, nyingine zikilalamikia kiasi.

Mimi naupenda mpango huu, nisifiche. Watoto wa Dar es Salaam hawana pa kucheza, na bonde lililokuwa linaua likigeuka bustani ni jambo la kushukuru. Lakini mzazi mwenye kichwa chake atauliza: ule udongo wa chini ya mto, uliotulia pale tangu viwanda vya kwanza, ukichimbuliwa ili mto upanuke, unapimwa na nani? Unalazwa wapi? Ukitumika kuinua kingo ambazo juu yake watoto watacheza, umesafishwa? Mafuriko ni adui anayeonekana, kila mtu anamhesabu. Risasi haipandi juu ya madirisha.

Kazi ya namna hii inawezekana, ikiamuliwa mapema. London kuna bonde la mto Lea, mashariki mwa jiji, lililojaa viwanda vya kemikali, mafuta na majalala kwa zaidi ya karne. Pale ndipo Waingereza walipojenga uwanja wa Olimpiki ya mwaka 2012, na baada ya michezo makazi ya wanariadha yakawa nyumba za familia, na shule, maduka na bustani vikafuata. Kabla ya tofali la kwanza walichimbua karibu tani milioni 2 za udongo. Waliweka mitambo ya kuuosha hapo hapo, wakaiita hospitali ya udongo. Unaingizwa mgonjwa, unachekechwa, unaoshwa, unapimwa, na zaidi ya asilimia 80 ulirudishwa kazini. Uliobaki ulitibiwa njia nyingine au kutupwa panaporuhusiwa.

Utasema hizo ni fedha za Uingereza. Ni kweli. Lakini angalia mfuatano wao: kupima kwanza, kusafisha pili, kujenga tatu. Huo mfuatano hauhitaji fedha za Uingereza. Sisi mara nyingi tunajenga kwanza, tunazaa pili, tunapima mtoto akishaugua.

Kwa mfano wa mfuatano huo wetu hatuhitaji kwenda mbali. Panda TAZARA hapo Mbeya, shuka mwisho wa reli, Kapiri Mposhi, kisha endelea kwa gari kidogo kuelekea Lusaka. Utafika Kabwe. (Watu wa Mwanjelwa msishtuke, si Kabwe yenu.) Mgodi wa risasi na zinki ulichimbwa pale tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, ukafungwa mwaka 1994. Mrundikano wa mabaki yake uliachwa wazi, na mfereji uliokuwa unatoa maji mgodini unapita kati ya nyumba za watu. Kasanda na Makululu ni mitaa ya kawaida kabisa yenye mama wanaofagia uwanja asubuhi na watoto wanaocheza mpira wa makaratasi. Leo, mtoto ambaye hata babu yake hakuwahi kushika sururu mgodini anapimwa damu na kukutwa na risasi, kutokana na vumbi. Miradi ya usafishaji imekuja na kuondoka, na vumbi lipo.

Hapa kwetu waliokaa Chunya na Makongolosi watanielewa haraka. Wanajua marudio ni nini, wanajua zebaki inavyochomwa. Dhahabu ikiisha eneo linabaki, na siku moja linakatwa viwanja. Usikubali kuuziwa marudio kama mchanga wa kujengea, wala mchanga wa mtoto kuchezea.

Nimrudie mama wa Ipogoro na wengine walio katika mizani hiyo.

Kabla ya kulipa hata shilingi ya kishika uchumba, mwache dalali, tafuta wazee. Mwenyekiti wa mtaa, mama lishe aliyewauzia mafundi chai, fundi mstaafu. Waulize: betri zilivunjiwa kona ipi? Oili ilimwagwa wapi? Kulikuwa na shimo? Palichomwa nyaya au matairi? Kwa kawaida sumu ya gereji haikusambaa eneo lote sawasawa, imekaa kwenye kona zake, na wazee hawa ndio ramani.

Pili, pima umbali kutoka mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi tunaijua siku ya kuwekewa alama ya X nyekundu. Kiwanja kikiwa ndani ya meta hizo, hata udongo wake ungekuwa safi kama unga wa sembe, kiache.

Tatu, pima udongo. Chukua udongo wa juu, kama sentimita 5 hadi 10 kwenda chini, sehemu tano au sita tofauti, na zile kona za betri na oili uzifungashe peke yake kwenye mifuko safi yenye maandishi. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapo Mbeya, anzia huko kuulizia kipimo na gharama. Sema wazi kwamba unataka kujua risasi na metali nzito nyingine. Kipimo cha kawaida cha wakulima, kinachokuambia uweke mbolea gani, hakitoi jibu hilo. Gharama itauma, ndiyo. Ilinganishe na bei ya kiwanja, usiilinganishe na bei ya vocha.

Na kile kifusi cha dalali? Kufunika udongo mchafu si dhambi, hata wataalamu hufunika. Ila wao huondoa kwanza palipozidi, huweka tabaka la kuzuia, kisha udongo safi wa kina cha kutosha, na huandika ili mnunuzi wa baadaye ajue. Kifusi cha lori mbili kinachimbuliwa na msingi wa nyumba, na shimo la choo, na kuku wako mwenyewe, na mvua ya Machi. Isitoshe, kifusi chenyewe kimetoka wapi? Mara nyingi ni ukuta wa zamani wenye rangi ya zamani, na rangi za zamani nazo zilitiwa risasi. Na kisima kwenye eneo lililonywa oili miaka 30 sikishauri hata kidogo.

Mama, ushauri wangu kwako ni huu: kama wazee wakithibitisha kwamba betri zilivunjwa hapo na hamna uwezo wa kupima, msinunue. Mwambie baba watoto kwamba ile nusu ya bei mliyopunguziwa haijafutwa, imeandikwa kwa jina la mtoto anayetambaa.

Wapo watakaosoma haya wakiwa wameshahamia, nyumba imeezekwa, deni la benki linaendelea. Msikimbie leo usiku. Funikeni udongo ulio wazi: pandeni ukoka, au mwageni zege au kokoto mahali watoto wanapocheza. Viatu vibaki nje ya mlango. Ndani pigeni deki kwa maji, msifagie kikavu, kwa sababu ufagio huliamsha vumbi na pua ya mtoto iko karibu na sakafu kuliko yako. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kila mara. Mboga za majani na za mizizi ndizo zinazobeba risasi zaidi, kwa ndani na kwa vumbi linaloganda juu, basi zilimwe kwenye viroba au matuta yaliyoinuliwa kwa udongo ulioletwa kutoka mahali panapojulikana. Nyanya, mahindi, na mti wa parachichi wenye subira havina shida kubwa hivyo. Kuku wafungiwe mahali palipofunikwa, kwa maana wanachokula ardhini hufika kwenye yai. Na baba mwenye gereji au anayenunua vyuma chakavu avue ovaroli kazini, lisifuliwe beseni moja na nepi.

Baki na jambo moja la sisi sote. Miji yetu inapangwa upya, na baadhi ya viwanja vipya vitakatwa kwenye ardhi ya aina hii. Kila Mtanzania ana haki ya kuishi katika mazingira safi na salama, sheria hiyo hiyo ya 2004 inasema, na mradi mkubwa unatakiwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza. NEMC nao wana ofisi ya kanda Mbeya. Kwa hiyo ofisa akija kwenye mkutano wa mtaa na ramani yenye rangi nzuri, mzazi anyooshe mkono aulize: hapa palikuwa na nini, nani alipima udongo na majibu yako wapi, na ule utakaokwanguliwa utapelekwa kwa nani?

Hilo la tatu watu husahau kuuliza. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa sababu ya dampo lililokuwa linawavukizia moshi na harufu. Mahakama Kuu iliwapa haki, na baada ya mvutano wa miaka dampo likaondoka Tabata. Likaenda Vingunguti, kwenye bonde lile lile la Msimbazi.